Baba Mkwe Kwenye Mlango wa Darasa

Mzee alikuwa hajaondoka. Wala hakuwa na dalili ya kuondoka.

Ninyi mliosema wiki nzima kwamba atachoka, atasikia baridi, ataona haya, poleni sana. Hamumjui Mzee Sedekia wa Rungwe. Kigoda chake kilikuwa katikati kabisa ya mlango wa darasa la kwanza, blanketi mabegani, fimbo katikati ya magoti, na miguu ameinyoosha mpaka ukingoni mwa baraza. Hata paka angeomba njia.

Na Atuganile, mwalimu wa darasa hilo hilo, alikuwa amechuchumaa nyuma ya uzio wa michongoma, kanga ameivuta mpaka machoni.

Tuelezane upesi kwa ajili ya aliyelikosa gazeti. Atuganile aliwahi kuwa mwalimu, tena wa kusifiwa, kabla hajawa mama wa mtu. Akaolewa, akazaa, akaweka chaki chini, akakaa nyumbani miaka tisa akilea watoto watatu, wa kwanza Sekela. Mwaka huo wa hamsini na sita, mtoto wa mwisho alipoanza kula ugali mwenyewe bila kujimwagia mboga kifuani, mama mtu akasema basi, narudi kazini. Shule ya wasichana pale mjini Mbeya ilikuwa inatafuta mwalimu. Mwalimu Mkuu Anania akamkubali siku hiyo hiyo. Lakini msimamizi wa shule, Bwana Jailos, akakunja uso.

"Mwanamke mwenye watoto," alisema Bwana Jailos, "kila mtoto akikohoa atakimbia nyumbani. Nawajua."

Ndipo akaweka sharti lake. Ijumaa hii, kutoka kengele ya kuingia mpaka kengele ya mchana, Atuganile awe na wanafunzi wake, asiwaache hata kidogo. Akiwaacha mara moja tu, kazi ni ya Lusia.

Lusia ni nani? Binti mbichi kutoka Iringa, hana mume, hana mtoto. Alishuka kwenye basi jana, vumbi la Mafinga na Chimala bado liko kwenye viatu vyake, na asubuhi hii amekaa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, sanduku liko miguuni, anangoja Atuganile ateleze.

Sasa utaniuliza, mwanamke mzima, mwalimu, kwa nini achuchumae kwenye miiba kwa sababu ya mzee mwenye fimbo? Kama wewe ni Mnyakyusa, huulizi. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mwanamke hapiti mbele ya mkwewe, hamtazami usoni, hatamki jina lake. Wakikutana njiani, yeye anaingia porini mpaka mzee apite. Atuganile alikuwa hajauona uso wa mzee yule tangu siku mahari yake ilipoanza kuzungumzwa. Alichokijua ni miguu yake na kikohozi chake. Na mzee naye alibanwa vile vile: asimsogelee mkamwana, asiseme naye, asilitaje jina lake. Ilikuwa heshima ya pande mbili.

Mzee Sedekia, asiyetaka mkamwana wake arudi kazini, aliyajua hayo vizuri. Ndiyo maana hakuja na matusi wala bakora. Alikuja na kigoda.

"Mwenzangu, wajificha nini humo kama mwizi wa kuku?"

Alikuwa Mwanakhamisi, mke wa Halfani muuza kanga. Duka lao linapakana na uwanja wa shule. Babu yake alitoka pwani akaja huku na misafara, akapapenda, akabaki, lakini Kiswahili chake walikirithi wajukuu. Mgongoni alikuwa amembeba Yotamu, kitinda mimba wa Atuganile, maana yeye ndiye aliyejitolea kumtunza mtoto saa za kazi.

"Mkwe," Atuganile alinong'ona. "Amekaa mlangoni."

Mwanakhamisi akachungulia. "Yule? Si umwambie apishe."

"Siruhusiwi kusema naye."

"Basi pita pembeni yake."

"Siruhusiwi kupita mbele yake."

"Basi ingia dirishani."

"Dada, madirisha yana nondo."

Mwanakhamisi akashusha pumzi. "Mila zenu nyie watu wa milimani zina kazi. Na ukipita tu, ukajifanya humjui?"

"Baba yangu atatozwa ng'ombe. Mama yangu hataingia nyumba ya mtu Rungwe nzima, watasema amezaa mtoto hana adabu." Atuganile akachomoa mwiba kwenye kanga. "Na mimi mwenyewe sitaki. Yule ni baba wa mume wangu. Miaka yote nimempikia, chakula nimekipeleka kwa mikono ya watoto, sijamkosea hata siku moja. Sasa heshima yangu hiyo hiyo ndiyo ameigeuza kufuli. Nimekasirika, dada."

Kengele ya kwanza ikalia, ile ya kujipanga. Wasichana wa darasa la kwanza wakasimama mstari, wanakonyezana, wanamtazama babu wa ajabu aliyeketi mlangoni kwao.

Kabla Mwanakhamisi hajasema la pili, baiskeli ikasimama nyuma yao. Andendekisye huyo, mume wa Atuganile, karani wa kampuni ya malori, koti limepigwa pasi na suruali imebanwa kwa vibanio. Mnamkumbuka alivyosema: nenda kazini mke wangu, mimi sina neno.

"Afadhali umekuja," Atuganile akamwambia. "Tata, baba yako, yuko mlangoni. Kamwambie asogee. Wewe ni mwanawe, wewe unaweza kusema naye."

Andendekisye akaanza kuchezea breki ya baiskeli.

"Mbona hushangai?" akauliza mkewe.

Andendekisye akaibana breki, akaiachia.

"Andendekisye. Nani alimwambia mzee kwamba leo ndiyo siku yangu?"

"Sikutaka tugombane," Andendekisye akasema, macho yako kwenye gurudumu.

"Ni wewe."

"Nilimpelekea salamu kwa dereva wetu wa Tukuyu. Jana akaja naye. Nilidhani ukimwona tu utarudi nyumbani polepole, na hakuna mtu atakayekuwa amegombana na mwenzake."

Jamani, wasomaji wangu, mimi nimeona wanaume wa kila namna. Nimeona anayepiga, nimeona anayenuna mwezi mzima. Mwanamume anayeagiza ugomvi wake uletwe kwa lori, huyo ndiyo kwanza namwona.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mwanakhamisi akasema, wala hakupunguza sauti.

"Kwa nini?" Atuganile akauliza. "Sema mwenyewe. Usimwachie baba yako."

"Watu wanacheka ofisini. Wanasema Andendekisye ameshindwa kulisha nyumba, mkewe ametoka kutafuta mshahara. Nikiingia asubuhi wananiita Mama Sekela."

"Mimi nimeitwa Mama Sekela miaka tisa, na sijafa."

"Wewe ni mama yake."

"Ndiyo, ni mama yake. Na ni mwalimu. Sikutoka kwa njaa, Andendekisye, wala sikutoka kwa kukudharau. Naipenda kazi ile. Nikiwa jikoni naisikia kengele ya shule, mikono inaniwasha. Nimelea mpaka wa mwisho anatembea, anakula, anaomba maji mwenyewe. Nimefanya zamu yangu yote. Sasa nataka na hii."

"Rudi nyumbani leo tu. Mzee akiondoka tutazungumza."

"Kazi yenyewe ndiyo leo. Sirudi."

Andendekisye akaiegemeza baiskeli kwenye mkaratusi, akasimama pale amekunja mikono. Hakwenda kwa baba yake, hakwenda kwa mkewe.

Kule barazani Mwalimu Anania alikuwa anajaribu bahati yake.

"Mzee wangu, tafadhali, watoto wanataka kuingia."

"Waingie," Mzee Sedekia akajibu. "Mimi nimezuia nani? Mimi nimekaa tu. Kukaa ni kosa?"

Wasichana wakaanza kuingia mmoja mmoja, wanairuka miguu ya mzee huku wameshika sketi zao. Bwana Jailos alisimama pembeni, saa iko mkononi. Naye ni mtoto wa Rungwe, alielewa kila kitu tangu alipokiona kile kigoda, na hakusema neno. Mlango wa ofisi ukafunguka kidogo. Lusia akachungulia.

"Ngoja," Mwanakhamisi akasema ghafla. "Nieleze vizuri. Mwiko wenu ni kuonana, au ni kuwa mahali pamoja?"

"Ni kuonana. Na nguo yangu isimguse."

"Na yeye ikimgusa?"

"Ni balaa kwake. Itabidi atafutiwe dawa, aoshwe, hata chakula hali na wenzake mpaka aoshwe."

"Eh." Mwanakhamisi akatabasamu tabasamu ambalo mumewe Halfani analiogopa. "Dawa ya moto ni moto. Sikiliza. Bibi yangu mzaa babu, kule Pangani, akitaka kwenda arusini hakutoka hivi hivi kama mimi na wewe. Alishikiwa pazia pande nne, yeye yumo katikati. Watu wanaona nguo inatembea tu, aliyemo hawamwoni. Leo na wewe utatembezwa kama bibi yangu."

Akageukia dukani. "Halfani, nirushie kanga. Zile pana, nyekundu."

"Za kuuza?" Halfani akauliza kutoka ndani.

"Za kutembea."

Wanawake wawili wa Kisafwa walikuwa wanapita na vikapu vya viazi kwenda sokoni. Mwanakhamisi akawaeleza kwa maneno machache. Hawakuuliza mara mbili. Wakatua vikapu, wakashika ncha za kanga, Mwanakhamisi akashika ncha nyingine na Yotamu mgongoni, na jirani yao aliyekuwa anachota maji bombani akaacha ndoo ikafurika, akaja kushika ya nne.

Ndani ya pazia Atuganile aliona ardhi tu, na pindo za kanga mpya zinazonukia duka. Aliona nyayo zake mwenyewe. Alizisikia sauti za nje zinanyamaza moja moja.

"Kuna shimo kushoto," Mwanakhamisi akasema. "Sasa kuna jiwe. Sasa baraza, inua mguu."

Akainua mguu. Hatua mbili mbele, chini ya pindo, zikatokea nyayo mbili za mzee zenye ufa visiginoni, na miguu mitatu ya kigoda. Nyayo hizo alizijua. Akasimama.

"Hodi, mzee," Mwanakhamisi akasema. "Nguo hii inaingia darasani."

"Ndani kuna nani?"

"Mimi nimeshika nguo tu. Kushika nguo ni kosa?"

"Nimeuliza kuna nani humo."

"Wewe wasemaje? Litaje jina lake, nami nitakwambia kama ni yeye."

Mzee Sedekia akafungua kinywa. Akakifunga. Wasichana wakajazana mlangoni kwa ndani, wamejiziba midomo, na mmoja akashindwa, kicheko kikamtoka puani.

"Haya, songeni," Mwanakhamisi akasema.

Pazia likasonga hatua moja. Nyayo za mzee hazikuondoka. Likasonga tena, na pindo la kanga likawa shubiri moja tu kutoka goti lake. Atuganile alisimamisha pumzi. Kama mzee hatainuka, hakuna pa kwenda tena, na hatathubutu kumgusa. Hilo alilijua yeye, na mzee pia alilijua.

Nusu hatua. Upepo wa mlima Loleza ukashuka wakati huo huo, ukalijaza lile pazia.

Kigoda kikaanguka. Mzee Sedekia, mtu ambaye huinuliwa kitini na wajukuu, aliruka barazani kwa kasi ya kijana, blanketi likabaki nyuma. Pazia likapita mlangoni, na kengele ya pili ikalia.

Atuganile alikuwa ndani.

Kanga zikashushwa. Akajikuta amesimama mbele ya wasichana thelathini na zaidi, wote wanamtazama yeye, na dirishani yupo Bwana Jailos na saa yake. Akachukua chaki. Ikamvunjikia vidoleni. Somo alilolitayarisha wiki nzima lilikuwa limemtoka lote kichwani. Miaka tisa si mchezo, msomaji. Mkono uliozoea mwiko na nepi hauwi wa mwalimu kwa siku moja.

"Habari za asubuhi, wanafunzi," akasema, kwa kukosa lingine.

"Nzuri, mwalimu."

Alilazimika kugeukia ubao. Hakuna aliyemwita hivyo kwa sauti nyingi namna ile tangu Sekela azaliwe. Alifurahi mno. Kisha akaandika herufi ya kwanza, ikatoka imepinda, akaifuta, akaandika nyingine. Ya tatu ilikaa sawa. Kufika somo la hesabu alikuwa anatembea kati ya madawati, anamsahihisha huyu, anamkemea yule, na Bwana Jailos alikuwa ameacha kuangalia saa.

Ndipo sauti ikatoka nje ya ukuta, pembeni ya mlango.

"Atuganile."

Chaki ikasimama. Mwanakhamisi, aliyekuwa ameketi barazani anambembeleza Yotamu, akainuka. Mwalimu Anania akatoka ofisini. Hata wale wanafunzi wa Kinyakyusa, watoto wadogo, walijua wamesikia jambo lisilosikika. Baba mkwe amelitaja jina la mkamwana wake.

"Atuganile, binti wa Asukile wa Masoko," Mzee Sedekia akaendelea, taratibu, kila neno lisikike. "Nimekutaja na watu wamesikia. Nimekutaja kwa sababu wewe si mkamwana wangu tena. Ng'ombe wangu nitawafuata kwa baba yako. Ukitoka humo sasa hivi ukarudi nyumbani, nitayameza maneno yangu. Usipotoka, yamekwisha."

Msidhani mwanamke yule ni chuma. Alishika dawati la mbele kwa mikono miwili. Ng'ombe wale baba yake alikwisha walipa mahari ya wanawe wa kiume. Watatoka wapi wengine? Na Andendekisye, pamoja na woga wake wote, alikuwa mumewe, aliyelala naye, aliyezaa naye. Akatazama nje ya dirisha. Mume yule yule alikuwa bado chini ya mkaratusi, amekunja mikono.

Hasira ikampanda tena, na hasira ndiyo iliyomnyoosha mgongo.

"Umesema mimi si mkamwana wako?" akauliza kwa sauti. Kule nje watu wakaguna. Mkamwana amemjibu mkwe.

"Nimesema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya hawa wote."

Atuganile akatembea mpaka mlangoni. Akasimama kizingitini, nyayo zote mbili ziko ndani ya darasa, na Bwana Jailos akazitazama nyayo hizo. Akaivua kanga kichwani. Akainua uso, akamtazama Mzee Sedekia machoni.

Alikuwa mzee tu kama wazee wengine. Ndevu nyeupe, jino moja halipo, jicho la kushoto limeingia ukungu. Miaka yote ile alikuwa anamkimbilia porini mtu huyu.

"Shikamoo, mzee," Atuganile akasema.

Mkono wa mzee uliinuka wenyewe kuufunika uso. Yeye ndiye aliyegeuka kwanza.

"Kama si mkamwana wako, hakuna mwiko kati yetu," Atuganile akasema. "Wewe ni mzee wa watu, mimi ni mwalimu. Na hapo ulipo unaziba mwanga, watoto hawaoni ubao. Naomba usogee."

Na mzee akasogea. Mwanakhamisi akapiga kigelegele kimoja, kisha akajiziba mdomo kwa kanga.

Msishangilie bado. Mzee Sedekia hakuzeeka kwa kushindwa.

"Andendekisye," akaita, hakumtazama mtu.

"Tata."

"Wale wakubwa wawili wako kwangu tangu Jumapili. Chukua na huyo mdogo. Watoto ni wa ukoo wetu. Lori linaondoka."

Jumapili. Andendekisye alisema anawapeleka watoto kumsalimia bibi yao, wiki moja tu, warudi. Atuganile mwenyewe ndiye aliyewapigia nguo pasi. Mwenyewe ndiye aliyewafungia karanga za njiani.

"Andendekisye, usimguse mtoto," akasema kutoka kizingitini.

Andendekisye akamtazama mkewe, akamtazama baba yake. Kisha akamwendea Mwanakhamisi. Mwanakhamisi akarudi nyuma, akamwambia maneno ambayo gazeti hili halichapishi, lakini mtoto alipomwona baba yake alinyoosha mikono. Yotamu alidhani anakwenda kutembezwa. Akawekwa juu ya bomba la baiskeli, akashika usukani, na wakateremka barabara ya mikaratusi kuelekea stendi ya malori. Mzee alifuata nyuma na fimbo yake.

Bwana Jailos akaitazama saa. "Mwalimu, kengele ya mchana bado. Ukiwaacha wanafunzi wako, unajua tulivyokubaliana." Hakusema kwa ubaya. Pengine hata alikuwa anamhurumia, lakini sharti lilikuwa lake na aling'ang'ana nalo.

Lusia alikuwa ametoka ofisini, sanduku liko mkononi.

Kutoka barabarani ilisikika kengele ya baiskeli. Yotamu alikuwa anaipiga na kucheka.

Atuganile akafumba macho. Watu wote pale walijua kitakachofuata, maana kipo kimoja tu ambacho mama hufanya. Bwana Jailos alikisema tangu mwanzo. Mwalimu Anania akainamisha kichwa.

Atuganile akageukia darasa.

"Wasichana, simameni. Wawili wawili, shikaneni mikono. Mwenye mbio amshike asiye na mbio. Mwalimu yuko mbele."

"Unakwenda wapi na watoto wa watu?" Bwana Jailos akauliza.

"Umesema nisiwaache. Siwaachi, nakwenda nao. Ukitaka kunikagua, njoo."

Akavuka kizingiti.

Mbeya mjini watu waliacha biashara zao siku ile. Mbele alikuwa mwanamke kichwa wazi, viatu viko mkononi, chaki bado ameishika. Nyuma yake wasichana wa darasa la kwanza wawili wawili, wanatweta. Nyuma yao Mwanakhamisi, kanga za dukani zinaburuzika. Na nyuma kabisa Bwana Jailos, msimamizi wa shule, anakimbia huku ameshikilia kofia.

Lori la Tukuyu lilikuwa limekwisha washwa. Mzee Sedekia alikuwa juu, karibu na dereva, amenyoosha mikono. "Mlete huyo, upesi." Andendekisye alikuwa chini, Yotamu kifuani kwake, mguu mmoja uko kwenye kipandio.

"Wasichana, kaeni kwenye nyasi kule," Atuganile akaamuru. Wakakaa. Yeye akaenda kusimama mbele ya lori, akauweka mkono juu ya boneti lake la moto.

"Andendekisye," akasema. "Baba yako amekwisha sema yake, na mimi nimekwisha sema yangu. Mimi kazi siachi. Mtoto wangu simwachi. Kama mimi ni mke wako, teremka na huyo mtoto. Kama si mke wako, usinitumie mtu. Niambie mwenyewe, hapa, wanafunzi wangu wasikie."

Dereva akawatazama wale watoto kwenye nyasi, akamtazama mwanamke aliyemzibia njia, akazima injini.

Andendekisye akamhamishia Yotamu begani. Akakohoa. Akamtazama mkewe machoni kwa mara ya kwanza siku ile, na akajibu. Alichojibu mtakisoma katika gazeti lijalo.